Kule Shumba, mgeni ni Mkristo

Mahubiri kuhusu kumkaribisha mgeni, katika makanisa mengi ya nchi hii, huanzia mahali pamoja: nyumba ni yetu, mlango ni wetu, kilichobaki ni kuamua kama tutaufungua. Mhubiri huwataja wakimbizi wa Nyarugusu, huwataja watoto wanaolala kwenye baraza za maduka ya Kariakoo, kisha huwauliza waumini watafanya nini. Swali ni la haki. Lakini ndani yake limejificha jambo ambalo hakuna anayelihoji, kwamba Mkristo siku zote ndiye mwenyeji na mgeni ni mtu mwingine. Yapeleke mahubiri hayohayo Shumba, Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, uone yatakavyoyumba. Kule Shumba Mjini na Shumba Viamboni adhana ndiyo inayoigawa siku, na Mkristo, akionekana, aghalabu ni mwalimu, askari au muuguzi aliyeletwa na barua ya uhamisho, au mtu wa bara aliyefuata biashara. Nyumba anayolala amepanga. Kanisa la kwenda kwa miguu hana. Akitaka ibada huenda Wete au Chake Chake. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na hapo kuku mweupe ni yeye.

Wengi huiona hali hiyo kuwa upungufu wa kuvumilia hadi uhamisho mwingine utoke. Naiona tofauti. Naamini Mkristo aliye peke yake Shumba amesimama karibu zaidi na mahali ambapo Injili humweka mfuasi wa Yesu kuliko muumini wa parokia kubwa ya Moshi au Songea, mwenye ukumbi, kamati ya mapokezi na kapu la sadaka. Ukarimu wa Kikristo huanza kwa kupokelewa. Kanisa lisilojua kupokelewa hupokea vibaya, hata likiwa na mali.

Tuanze na sura inayotajwa kuliko zote, Mathayo 25. Mfalme anawakusanya mataifa na kuwatenga: wa kulia walimlisha alipokuwa na njaa, wakamnywesha, wakampokea alipokuwa mgeni; wa kushoto hawakufanya hivyo. Makundi yote mawili yanashangaa, maana hayakumbuki kumwona. Anawaambia kwamba walichomtendea mdogo kabisa miongoni mwa ndugu zake walimtendea yeye. Tumezoea kuisoma sura hii kama agizo la kuwatafuta maskini, na usomaji huo umezaa hospitali, skuli na vituo vya yatima ambavyo hakuna mwenye akili timamu atakayevibeza. Ila wafafanuzi wa Biblia, wa zamani na wa sasa, wameuliza swali ambalo mimbarini halisikiki sana: hao ndugu wadogo ni akina nani? Katika Mathayo, Yesu akisema ndugu zake huwaonyesha wanafunzi wake. Ndivyo ilivyo mwishoni mwa sura ya 12. Na wadogo, katika sura ya 10, ni wale aliowatuma njiani bila dhahabu, bila mkoba, bila kanzu ya pili, watu ambao hata kikombe cha maji baridi watakipata kwa hisani ya mwenye nyumba. Kwa hiyo mafundisho ya sura ya 25 yanaweza kuwa yanasema kwanza kuhusu jinsi mataifa yatakavyoulizwa namna yalivyowapokea wajumbe hao wasio na kitu.

Sisemi kwamba hiyo ndiyo maana pekee. Huwezi kuliwekea uzio neno la mfalme yule likawahusu waliobatizwa tu, njaa ya wengine ikawa haimhusu. Hata hivyo ukishaliona hilo, picha ya Shumba inageuka. Mama wa Kiislamu anayempelekea mwalimu wa bara maji ya kunywa na sahani ya samaki, kwa kuwa amefika jana na hana hata jiko, ndiye aliyesimama mkono wa kulia katika mafundisho hayo. Mwalimu amesimama mahali pa Kristo mwenye njaa. Mama yule hadhani kwamba anamtumikia Masihi wa Wakristo, wala hahitaji kudhani hivyo. Wa kulia katika Mathayo hawakujua. Anafanya linalompasa kwa mgeni, kama dini yake na malezi yake yalivyomfundisha. Sisi Wakristo ndio tunaopaswa kukaa chini na kufikiri maana yake, kwamba Bwana wetu alijiweka upande wa anayebisha hodi, akawaachia wengine heshima ya kumfungulia.

Luka anatembea njia hiyohiyo kwa urefu zaidi. Katika Injili yake Yesu hana nyumba ya kumkaribishia mtu. Anakula kwa Lawi, anakula kwa Simoni Farisayo, anaandaliwa na Martha, anamwita Zakayo ashuke mtini kwa kuwa leo atashinda kwake, jambo ambalo kwa mila zetu lingeonekana la mtu asiye na haya. Hata karamu ya mwisho aliila katika chumba cha kuazima. Anapowatuma wale sabini, ambao nakala nyingine husema ni sabini na wawili, anawaagiza wakae katika nyumba moja, wasihamehame, wale kinachowekwa mbele yao. Wahubiri hupenda kukaa kwenye ujumbe waliotumwa kuupeleka na kukipita haraka chakula. Lakini kula cha watu, jikoni kwao, kwa saa yao na kwa namna yao, ni nusu ya agizo lenyewe. Na katika sura hiyohiyo ya 10 kuna Msamaria. Tunamhubiri kama mfano wa kuigwa, nasi tuwe Wasamaria wema. Ni kweli, lakini Myahudi aliyeisikia hadithi ile mara ya kwanza hakuwa na njia rahisi ya kujiweka katika nafasi ya Msamaria. Mtu aliyefanana naye alikuwa yule aliyelala kando ya njia, anavuja damu, na msaada unakuja kutoka kwa mtu wa dini asiyoikubali.

Mwisho kabisa ni Emau. Wanafunzi wawili wanamsihi mtu wasiyemjua akae nao kwa kuwa jua linakuchwa. Mezani mgeni anautwaa mkate, anaubariki, anaumega. Amechukua kazi ya mwenyeji, na ndipo wanapomtambua. Kwa Luka, basi, mstari kati ya anayepokea na anayepokelewa haukai mahali pamoja. Ndiyo sababu mwandishi wa Waebrania, akiwahimiza waumini wasisahau kuwafadhili wageni, anawakumbusha kwamba wako waliowapokea malaika bila kujua, akirejea kisa cha Ibrahimu chini ya mialoni ya Mamre. Ibrahimu mwenyewe alikuwa mkaazi wa hema katika nchi isiyo yake. Mwenyeji mkubwa kuliko wote katika Maandiko alikuwa mgeni, na jirani yangu Mwislamu atanikumbusha kwamba kisa hicho kimo pia katika Kurani.

Historia ya Ukristo wa pwani hii inasema jambo hilohilo, ingawa makanisa yenyewe hayapendi kuisimulia hivyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Unguja Januari 1844 akiwa mgeni. Sayyid Said, mtawala Mwislamu, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Huko Mombasa, alipoanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kadhi wa mji ule, Sheikh Ali bin Mueddin, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia. Mwezi Julai mwaka huohuo Krapf alimzika mkewe Rosina na binti yao mchanga katika ardhi ya watu waliomjua kwa miezi michache tu. Njoo Mkunazini, mjini Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule. Sehemu ya ardhi ile ilinunuliwa, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji. Barua ya sultani, elimu ya kadhi, kiwanja cha Mhindu: hivyo ndivyo Ukristo ulivyopata pa kukaa. Na kabla ya hayo yote deni lilikuwa limekwenda upande mwingine, karne 12 nyuma, pale Mfalme Mkristo wa Uhabeshi alipowapokea Waislamu wa kwanza waliokimbia mateso ya Makka na akakataa kuwarudisha kwa waliokuja kuwadai.

Mambo yaliharibika mgeni alipopata manowari. Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sultani, na haikupita hata miezi minane amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ikatolewa na Sayyid Hamud bin Muhammad kuiondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Mwaka huohuo Wakwekeri wa Uingereza, Theodore Burtt akiwa kiongozi, walianzisha misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, kwa ajili ya watu waliotoka utumwani kwenye mashamba ya mikarafuu. Siwezi kuikejeli kazi ile. Mtu aliyeletwa mtoto kutoka Nyasa au Manyema, asiye na ukoo kisiwani wala ardhi ya kulima, alikuwa mgeni kwa maana iliyo chungu kuliko zote, na Banani ilimpa mahali. Lakini misheni za wakati ule, za kila dhehebu, ziliwapokea watu chini ya bendera yenye nguvu, zikiwa na kengele, ratiba ya kazi na mafundisho ya lazima. Zilikuwa mbali sana na wale sabini wasio na mkoba. Tuhuma ambayo Waislamu wengi wa visiwani wanayo hadi leo, kwamba ukarimu wa kanisa una ndoana ndani yake, haikuzuka bila sababu, na kuikasirikia hakutaiondoa.

Linganisha na Rabai, nyuma ya Mombasa. Katika miaka ya 1880 watumwa watoro kutoka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia kwenye kituo cha misheni cha Rabai na kuomba kukaa. Wakubwa wa Church Missionary Society huko London hawakutaka. Walihofia ugomvi na mabwana wa watumwa na waliagiza watoro wasipokelewe. Aliyekuwa pale Rabai ni William Henry Jones, Myao, ambaye naye alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa India, na mwaka 1885 Askofu Hannington akamwekea mikono kuwa shemasi. Watoro waliendelea kuingia, na mlango wa Rabai haukufungwa. Mambo yalipofumuka mwaka 1888 ilibidi Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ifike na fedha kuwafidia mabwana, na mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kamati ya London ilikuwa na maktaba nzima ya theolojia ya ukarimu. Jones alikuwa amewahi kuwa mtoto asiye na kwao. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoamua nani abaki na nani afukuzwe.

Sasa, kuwa mgeni kwa imani ni kazi, na kazi hiyo ina adabu zake. Anayeingia Shumba huanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, ajitambulishe, ajulikane amekuja kufanya nini na atakaa wapi. Mtu wa mjini anaweza kuona huko ni kuchunguzwa. Ni kuchunguzwa kweli, lakini ni pia kukiri kwamba mahali hapa palikuwa na watu na utaratibu kabla yako. Mwezi wa Ramadhani asiyefunga hula ndani kwake na hafanyi ushindani na saumu ya mtaa. Jioni jirani akileta futari, muhogo wa nazi au ndizi na bakuli la uji, hapokei kwa uso wa mtu anayehofia kununuliwa. Na sahani hairudi tupu, ingawa hairudi siku ileile, maana kulipa papo hapo ni kumwambia mwenzako hutaki kubaki na deni lake. Hapa ndipo penye ugumu wa kiroho. Sisi Wakristo tunapenda kutoa kwa sababu mtoaji hubaki juu. Kanisa linalogawa unga linajua lilivyo. Kanisa linalopewa unga linajisikia limeaibishwa. Petro aliona haya kuoshwa miguu, akakataa kabisa, mpaka akaambiwa kwamba asipooshwa hana sehemu na Bwana wake. Kupokea kutoka kwa mtu ambaye haamini unavyoamini, na ambaye kwa dhati kabisa anaona umekosea, kunahitaji unyenyekevu ambao hakuna kiasi cha sadaka kinachoweza kuufundisha.

Najua pingamizi litakalotangulia. Mkristo wa Pemba ni raia wa Jamhuri ya Muungano. Kumwita mgeni ni kumpa adui yake silaha. Wako Wakristo wa Banani na wa Wete ambao babu zao walizaliwa Pemba, wengi wao wazao wa hao walioachwa huru kuanzia mwaka 1897, na hakuna mwenye haki ya kuwauliza kwao ni wapi. Pingamizi hili ni zito na nalikubali lote. Haki ya kuabudu, ya kupata kiwanja, ya kuzika wafu na ya kutobaguliwa kazini haiombwi kwa sheha wala kwa jirani kama hisani. Iko katika katiba, na anayenyimwa aende mahakamani. Ninachosema ni kuhusu moyo wa mwenye haki hiyo, jinsi anavyoingia nyumba ya mtu. Israeli waliagizwa kumpenda mgeni kwa kuwa walikuwa wageni Misri, na agizo hilo walipewa kama watu watakaomiliki nchi, wenye sheria na mipaka yao. Kumbukumbu ya ugeni haikuwanyang'anya umiliki. Ilikusudiwa iwazuie wasigeuke Farao.

Pingamizi la pili lina damu. Siku ya Krismasi 2012 Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi Unguja na kujeruhiwa vibaya. Tarehe 17 Februari 2013, siku ya Jumapili, Padre Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa anafika kanisani kuadhimisha Misa. Makanisa yalichomwa katika kipindi hicho. Mtu atauliza, na ana haki kuuliza, ukarimu wa visiwani ninaousifu ulikuwa wapi? Sitajibu kwamba wahalifu ni wachache, ingawa ni kweli, maana jibu hilo halimfuti machozi mwenye msiba. Naona afadhali kurudi Luka sura ya 9, aya chache kabla ya kutumwa wale sabini. Kijiji cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu. Yakobo na Yohana wakataka ruhusa ya kuita moto kutoka mbinguni ukiteketeze. Aliwakemea, nao wakaenda kijiji kingine. Injili haidai kwamba mgeni atapokelewa kila mahali. Inajua kuna milango itakayofungwa na mingine itakayokuwa na mtego, na anayeua achukuliwe na vyombo vya sheria. Kinachokataliwa ni moto juu ya kijiji kizima, yaani kumchukua jirani wa Shumba na kumlipisha kosa la mwenye bunduki. Na haipendezi kusahau kwamba sura inayofuata ndiyo ya Msamaria mwema. Kabila lililofunga mlango ndilo Yesu alilolichagua kuwa mfano wa huruma.

La tatu ni la watu wa vitendo: kila mgeni apokelewe tu, hata tapeli, hata mwenye nia mbaya? Kanisa la mwanzo halikuwa la watu wajinga. Kijitabu kiitwacho Didake, kinachodhaniwa kuandikwa mwishoni mwa karne ya 1 au baada kidogo, kinaelekeza kwamba mtume anayepita akae siku moja, ya pili ikibidi. Akikaa tatu ni nabii wa uongo, na akiomba fedha pia. Msafiri wa kawaida asaidiwe kwa siku mbili au tatu, na akitaka kuhamia, afanye kazi ale. Mswahili atacheka, kwa kuwa bibi yake alimwambia hayohayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe si tusi. Anayepewa jembe ameingizwa katika watu wa nyumba, ana sehemu yake shambani. Ukatili ni kumweka mtu katika ugeni wa kudumu, siku ya tatu ikawa mwaka wa thelathini, naye hana jembe wala ruhusa ya kulitafuta.

Na hilo limewapata watu wa Pemba wenyewe, katika nchi ambayo Wakristo ndio wengi. Wavuvi wa kaskazini mwa Pemba wamevuka mlango wa bahari kwenda Kenya vizazi na vizazi, wakifuata pepo za kusi na kaskazi, wakienda dago, yaani kambi za uvuvi, na kurudi, wengine wakibaki: Wasini, Shimoni, Vanga, Gazi, hadi Kilifi. Baada ya mauaji ya waandamanaji ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, ambayo Micheweni iliyaona kwa macho yake na ambayo hata tume ya serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu waliokufa kuwa 31, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni. Hao walikuwa wakimbizi kutoka Tanzania, nchi iliyojizoeza kujiona mwenyeji wa wakimbizi wa wengine. Wengi walirudi. Lakini wale Wapemba walioishi Kenya tangu zamani, wanaokadiriwa kuwa kama 7,000, walikaa miongo mingi bila uraia. Bila kitambulisho hakuna leseni ya uvuvi, hakuna akaunti ya benki, na mtoto hukwama njiani masomoni. Mwaka 2023 ndipo serikali ya Rais William Ruto ilipowatambua kuwa moja ya jamii za Kenya na kuanza kuwapa vitambulisho. Haikuwa dini tu iliyowaponza. Washona wa Kanisa la Gospel of God, waliokwenda Kenya kutoka kusini kuhubiri Injili kuanzia miaka ya 1960, nao waliachwa bila nchi hadi Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza Desemba 2020 kwamba watapewa uraia. Hawa walikuwa wahubiri, ndugu wadogo wa Mathayo 25 kwa maana finyu kuliko zote, na taifa linalojaza makanisa kila Jumapili liliwaacha barazani zaidi ya nusu karne.

Kanisa linaloishi kama mwenyeji tu halioni watu wa namna hiyo, kwa sababu mwenyeji humwona anayebisha hodi mlangoni kwake, na mvuvi asiye na karatasi habishi hodi kanisani. Anajificha baharini doria ikipita. Aliyewahi kuwa mgeni anajua mtu hujificha wapi. Kwa hiyo sitaki kusikia tena kwamba Wakristo wachache wa Shumba, Konde au Micheweni hawana huduma wanayoifanya kwa kuwa hawana kanisa. Wanajifunza jambo ambalo majimbo makubwa ya bara hayana pa kujifunzia, na hakuna anayewauliza wamejifunza nini.

Parokia inayomuaga mwalimu anayekwenda Pemba kwa kawaida humwombea ulinzi, humpa rozari au Biblia, na humweleza ibada iko wapi. Ingefaa imfundishe pia kusalimia, kupokea futari, kunyamaza adhana inaposomwa na kula kinachowekwa mbele yake. Na akirudi bara baada ya miaka mitano, kabla ya kumuuliza kama aliongeza waumini, imuulize alipokelewaje, na nani, na yeye aliwarudishia nini.